Kipimo cha Sukari na Sahani ya Ugali

Mtu akiambiwa na tabibu wa Mugumu au wa Tarime kwamba ana maradhi ya kisukari, aghalabu hurejea nyumbani Kenyamonta na vidonge vyake, mashauri machache juu ya chakula, na hofu. Na kabla juma halijaisha hofu ile huwa imezidishwa na majirani wenye huruma, kwa kuwa kila mmoja wao ana hukumu yake, huyu akisema achana kabisa na ugali wa muhogo, yule akisema kula wa ulezi na ushibe utakavyo, na wa tatu akiapa kwamba ndizi ni haramu kwa mgonjwa wa sukari. Si ubaya wa majirani. Wazee wa Wangoreme na Wakuria walituachia maarifa mengi juu ya homa, vidonda na uzazi, ila juu ya maradhi haya hawakuturithisha neno kubwa, kwani katika zama zao yalikuwa nadra: mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake walitangaza uchunguzi wao wa vijiji sita vya Tanzania, wakaona kwamba katika kila watu wazima 100 hakutimia hata mmoja mwenye kisukari. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta kiasi cha watu 9 katika kila 100, miongoni mwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Maradhi yametufikia kwa kasi kuliko hekima ya kuyakabili, na hiyo ndiyo sababu ya kila mtu kusema lake.

Ikiwa umejaliwa kupata mashine ndogo ya kupimia sukari, ama umenunua mwenyewe, ama umeletewa na mwanao aliye Mwanza au Dar es Salaam, basi unayo njia ya kupata jibu linalohusu mwili wako wewe na sahani yako wewe. Walakini mashine hiyo haisemi isipoulizwa. Wako wengi wanaopima kila asubuhi, wakaandika tarakimu, wakasikitika ikiwa kubwa na kushukuru ikiwa ndogo, kisha wakala vilevile kama jana. Uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wa tiba, uliotolewa mwaka 2012, uliokusanya tafiti nyingi juu ya wagonjwa wasiotumia insulini, ulionyesha kwamba kupima nyumbani kwa namna hiyo kulileta nafuu ndogo tu, na nafuu yenyewe ilififia ndani ya mwaka. Sishangai, maana aliyepima na asibadili kitu ametoboa kidole chake bure.

Kinyume chake ni habari ya Richard Bernstein, mhandisi wa Marekani aliyepatwa na kisukari mwaka 1946 akiwa mtoto wa miaka 12. Mwaka 1969 alipata habari za mashine mpya ya kupima sukari, yenye uzito wa zaidi ya kilo moja na bei ya dola 650, ambayo wakati ule iliuzwa kwa matabibu na hospitali peke yao; na kwa vile mkewe alikuwa tabibu, ilinunuliwa kwa jina la mkewe. Akajipima mara kadhaa kwa siku, akitazama ni chakula gani na kiasi gani cha insulini kinachomletea tarakimu gani, akabadili kimoja baada ya kingine hata sukari yake ikatulia, na akiwa na umri wa miaka 45 akaingia chuo cha utabibu. Wakati huo madaktari wengi hawakuona sababu ya mgonjwa kujipima mwenyewe. Leo mashine ile imekuwa ndogo kuliko kiganja, nawe unaweza kufuata mwendo uleule chini ya mti wa uani kwako, bila kuwa mhandisi.

Jambo la kwanza ni kuzijua tarakimu. Mashine nyingi za kwetu hutoa tarakimu kama 5.8 au 11.3, ukiona yako imeandika 126 au 200 usifadhaike, ni kipimo cha namna nyingine, nawe gawanya kwa 18 utapata ile ya kwetu, yaani 126 ni 7. Kwa watu wazima wengi wenye kisukari, wasio wajawazito, hutakiwa sukari iwe kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, na isifike 10 katika muda wa saa moja hadi mbili tangu kuanza kula. Mzee sana, mjamzito, mtoto, au mwenye maradhi ya figo aweza kupangiwa mipaka mingine, basi muulize tabibu wako mipaka yako na uiandike katika jalada la daftari.

Jambo la pili ni kupima kwa usafi na uangalifu, na hapa naomba usipite haraka, kwa sababu tarakimu ya uongo ni mbaya kuliko kukosa tarakimu. Mtu aliyetoka kumenya embe au chungwa, akajitoboa kabla ya kunawa, aweza kusoma sukari iliyo juu sana, na sukari hiyo si ya damu bali ni ya tunda iliyobaki katika ngozi. Na kujifuta kwa spiriti hakutoshi kuiondoa. Nawa mikono kwa maji na sabuni, kausha kwa kitambaa safi, maana unyevu nao huizimua damu. Ning'iniza mkono chini kidogo, chagua ubavu wa ncha ya kidole, si katikati pale unapogusia, kwa kuwa katikati kuna maumivu zaidi na mkulima anahitaji vidole vyake. Toboa, minya taratibu kutoka shina la kidole kwenda mbele, tone likijaa ligusishe ukingo wa stripu iliyochomekwa katika mashine, nayo itainyonya damu yenyewe. Stripu huharibiwa na joto na unyevu: usiziache katika dirisha lenye jua wala chini ya bati jikoni, na kila utoapo moja funga kopo papo hapo. Tazama tarehe ya mwisho iliyoandikwa, pamoja na muda unaoruhusiwa tangu kopo kufunguliwa. Kisindano ni cha mtu mmoja. Hata kama nyumba nzima yatumia mashine moja, mume na mke wasichangie kisindano, kwa ajili ya homa ya ini na virusi vya ukimwi. Na kilichokwisha kutumika kitiwe katika chupa ngumu yenye kifuniko, ipelekwe zahanati, kisitupwe jalalani wanakocheza watoto.

Tena ujue kwamba mashine hizi, hata zilizo njema, huruhusiwa kukosea kidogo. Sukari ikiwa 10 kwa hakika, mashine nzuri yaweza kusema 8.5 au 11.5 na isihesabiwe kuwa mbovu. Kwa hiyo usiruke kwa furaha kwa sababu ya 8.9 iliyokuwa 9.4 jana; tafuta tofauti kubwa, inayojirudia.

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Swali la chakula huulizwa kwa jozi: kipimo kimoja kabla tu ya kula, na kingine baada ya muda wa saa mbili, ukihesabu tangu tonge la kwanza na si tangu ulipomaliza. Tofauti baina ya viwili ndiyo kauli ya sahani ile. Tuseme mchana mmoja mashine imekuonyesha 7.2, ukala ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama kwa dagaa na mboga kidogo, na baada ya saa mbili ikakuonyesha 13.5. Sahani imepandisha 6.3, nayo ni nyingi. Siku nyingine, kabla ya mlo uleule, pima tena: imesoma 7.0. Safari hii umepunguza theluthi ya ugali, ukaongeza mgagani au mnavu hata ukajaza upande mmoja wa sahani, dagaa ni walewale. Baada ya saa mbili imesoma 10.1. Ongezeko limeshuka likawa 3.1, na hukulazimika kuacha ugali wala kununua unga wa ajabu kutoka mjini. Mimi huona ongezeko lisilozidi 3 hivi kuwa ni la kuridhisha, mradi kipimo cha kabla ya kula kilikuwa mahali pake. Lakini badili kitu kimoja tu kila mara. Ukipunguza ugali, ukabadili unga na ukaenda matembezini siku ileile, tarakimu itashuka, nawe hutajua shukrani ni ya nani.

Andika katika daftari si tarakimu pekee bali na kiasi, na hapo ndipo penye taabu katika nyumba zetu, kwa sababu ugali huliwa katika sinia moja, na mtu aliyekula kwa kumega pamoja na wenziwe hajui amekula kiasi gani. Sikushauri ujitenge na jamaa, maana mgonjwa akitengwa chakula chake huona ametengwa na yeye. Mwambie mkeo, au binti, au mkaza mwana apakuaye, akuchotee sehemu yako kwa bakuli lilelile kila siku, alifunike katika sahani yako, nawe ukae palepale penye sinia na wenzako, ule na kuzungumza kama kawaida. Bakuli lisibadilike. Bakuli hilo ndilo pishi yako: leo lilijaa, kesho likawa robo tatu, na daftari likaandikwa hivyo.

Kuhusu aina ya unga, jamaa wengi wanaamini kwamba ugali wa ulezi au wa mtama hauna sukari, basi hula wa kushiba watu wawili, kisha wakashangaa. Ukweli ni kwamba katika gramu 100 za unga wa mahindi, wa mtama au wa ulezi, takriban gramu 70 ni wanga, na katika unga wa muhogo wanga huzidi gramu 80. Na wanga wote, ukishasagwa tumboni, huwa sukari katika damu. Nafaka isiyokobolewa, yenye pumba zake, ina nyuzinyuzi zinazochelewesha kidogo kupanda kwa sukari, na kwa hilo dona, mtama na ulezi vina fadhila juu ya sembe na muhogo mtupu. Hata hivyo fadhila hiyo humezwa yote na tonge la ziada. Uji nao una hila yake: ulezi uleule uliokuwa mwema katika ugali, ukisagwa laini, ukachemshwa ukawa mwepesi, ukatiwa vijiko vinne vya sukari, hupita tumboni upesi na kupandisha sukari upesi. Pima jozi moja ya uji wenye sukari na jozi moja ya uji uliotiwa maziwa bila sukari, kikombe kikiwa kilekile, nawe utaona kwa macho yako. Maziwa yenyewe yana sukari yake ya asili, lakini si nyingi, na maziwa ya mgando kwa kikombe kimoja hayajawa adui wa mtu.

Juu ya muhogo lipo neno lingine la kusemwa, kwa sababu katika eneo hili umebeba lawama nzito. Mwaka 1985, baada ya ukame, wilaya ya Tarime ilipatwa na konzo, maradhi ya kupooza miguu yaletwayo na muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa ipasavyo. Zamani hizo wako wataalamu waliodhani kwamba sumu hiyo ya muhogo ndiyo iletayo kisukari pia katika nchi za joto. Dk. Swai, pamoja na McLarty na wenzao, waliipima dhana hiyo katika jamii ya vijijini Tanzania iliyokuwa imekula muhogo wenye sumu kwa muda mrefu, na mwaka 1992 wakatangaza kwamba kisukari hakiletwi na sumu ya muhogo. Basi muhogo si mama wa maradhi yako. Lakini kwako wewe uliyekwisha kuugua, wanga wake ni mwingi na mwepesi, na vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha kwa chai asubuhi ni mlo mzima wa wanga, si kifungua kinywa chepesi kama tuvionavyo. Ukiutaka muhogo, utake pamoja na maharage au samaki, uhesabu vipande, na uupime. Vivyo hivyo viazi vitamu, ndizi za kupika na wali wa sherehe.

Baada ya kiasi, jambo lenye faida kubwa kupita wengi wanavyodhani ni utaratibu wa kula na mwendo wa miguu. Anza na mboga na kitoweo, kula nusu yake, ndipo uuingilie ugali. Sukari hupanda polepole kuliko ukianza na tonge tupu. Na baada ya kula usilale: tembea robo saa, ukafunge ndama, ukateke maji, ukamjulie hali jirani, kwani misuli itembeayo huivuta sukari kutoka katika damu. Haya mawili hayagharimu senti, nayo yanapimika kwa jozi vilevile. Chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, ikinywewa mara tatu kwa siku, ni vijiko tisa ambavyo mtu havihesabu kwa kuwa ameambiwa atazame chakula naye hakuiona chai kuwa chakula. Soda na togwa iliyotiwa sukari ni mlango uleule.

Najua stripu ni ghali, na kwamba dukani Kenyamonta hutazipata siku zote. Basi usizipoteze. Kwa mtu anayetumia vidonge tu na hali yake imetulia, jozi mbili kwa juma zatosha kujifunza, yaani stripu nne. Kopo la stripu 50 litakwenda karibu miezi mitatu, na likiwa limeandikwa muda mfupi zaidi tangu kufunguliwa, ufuate muda huo. Juma la kwanza uliza ugali wa mchana. Ukiisha kupata jibu lililojirudia, liandike, usiuulize tena, hamia uji wa asubuhi, kisha chakula cha usiku. Ndani ya miezi mitatu utakuwa umeijua meza yako yote. Anayejidunga insulini huhitaji kupima mara nyingi zaidi, naye afuate ratiba ya kliniki. Pia usiihukumu sahani ya usiku kwa kipimo cha alfajiri, kwa sababu ini lenyewe humwaga sukari katika damu kabla ya mapambazuko, na wako wanaoamka na 9 wakiwa wamelala na 7 bila kula kitu. Habari hiyo ni ya kumpelekea tabibu, si ya kujinyima chakula cha jioni.

Na hapo pa kujinyima nataka kusema kwa mkazo. Anayetumia insulini, au vidonge vya glibenclamide, asiruke mlo wala kupunguza wanga ghafla kwa kusudi la kupendeza mashine, kwa sababu dawa hiyo itaendelea kushusha sukari hata kama tumbo ni tupu. Ukiona kutetemeka, jasho jembamba, njaa kali, moyo kwenda mbio au maneno kukugeukia kinywani, pima. Na kama mashine haiko karibu, usingoje. Ikiwa ni chini ya 4, koroga vijiko vinne vya chai vya sukari katika maji unywe, au nusu ya soda ya kawaida, upumzike robo saa, upime tena, na ikiwa bado iko chini urudie. Ikishapanda kula kitu chenye wanga. Wafundishe wa nyumbani mwako haya, na uwaambie kwamba aliyezimia hanyweshwi kitu kinywani bali hukimbizwa hospitali. Pombe juu ya tumbo tupu ni hatari maalumu kwa watu hawa, maana hulizuia ini kutoa sukari ya akiba, na dalili za sukari kushuka walevi wenzio watazidhania kuwa ni ulevi.

Kwa upande wa pili, sukari inayokaa juu ya 15 siku nzima, hasa pamoja na kutapika, kiu isiyokwisha, kuhema kwa nguvu au usingizi usio wa kawaida, si swali la sahani tena. Funga daftari, tafuta pikipiki, nenda hospitali. Siku za malaria au homa nyingine sukari hupanda hata kwa asiyekula, basi siku hizo usizihesabu katika jozi zako.

Ukienda kliniki, nenda na daftari, si na vidonge peke yake. Mwonyeshe tabibu jozi zako, kwa mfano kwamba ugali wa bakuli robo tatu unakupandisha 3 na muhogo wa asubuhi unakupandisha 6, naye akiweza atakupima damu kwa kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, apate kulinganisha. Usibadili dozi kwa akili yako kwa sababu ya tarakimu moja au mbili. Mpe yeye tarakimu zote, aamue. Na akikubadilishia dawa, ukirudi nyumbani pima kwanza jozi mbili kwa mlo uleule na bakuli lilelile ulilozoea, kabla hujagusa chochote katika chakula, ili ujue dawa mpya imefanya nini peke yake.